Nani Alimwalika Bosko Baharini

"Nakutegea," Sajini Selpha Wanyama alisema, akifunga mlango wa gari la kituo, ule ambao haufungiki mpaka uusukume kwa goti.

"Tega," Koplo Resian akajibu bila kutoa macho barabarani.

"Wawili walitoka kwenda kupendana, wa tatu akalala katikati yao, na hakuna aliyemwalika."

Resian aliwaza mpaka wakaanza kuona mabati ya Kisaju. "Mtoto," akasema.

"Mtoto huja na mwaliko. Nipe mji."

"Chukua Kajiado."

"Kajiado niko, nitaifanyia nini? Nipe wa maana."

"Haya, chukua Mombasa na joto lake."

"Nimeenda Mombasa, nimekula, nimekunywa, nikavuka feri mpaka Diani. Huko nimemkuta mbwa wa Nick amelala kitandani." Selpha alishusha kioo kidogo. "Jibu ni mbwa, Resian. Tukijua nani alimwalika, Mbuvi hatapanda gari la korti kesho."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Nick na mkewe Whitney walikuwa na shamba Kisaju, na ndani yake kundi la kondoo aina ya Dopa, wanene, kichwa cheusi mwili mweupe, wa kutamaniwa na kila apitaye. Wikendi ile ndefu ya sikukuu walikwenda Diani kusherehekea mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Mbwa wao Bosko wakaenda naye. Usiku wa Jumamosi mtu alikata waya nyuma ya shamba, akatoa kondoo wote, akaondoka nao. Mbuvi, mlinzi, alikuwa geti la mbele na hakusikia kitu. Asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu. Wenye shamba waliporudi leo Jumatatu, OCS, mkuu wa kituo, akaamuru Mbuvi afungiwe.

"Mwizi alijua mbwa hayuko," OCS alikuwa amesema, akihesabu kwa vidole. "Nani aliona mbwa akiingia kwa gari? Mlinzi. Nani mwingine? Hakuna. Andika, Selpha, kesho aende korti ya Kajiado."

Selpha hakubishana na sehemu ya kwanza. Mwizi alijua, hilo ni kweli. Ila alikuwa na swali moja, na aliliuliza hapo hapo mezani.

"Afande, usiku Bosko hufungwa na nani?"

"Na Mbuvi."

"Basi Mbuvi akitaka kuleta wezi, si angemfunga tu kwa mnyororo, amtupie mfupa? Mtu wa kutaka mbwa apelekwe mpaka baharini ni yule asiyeweza kumfunga."

OCS alifunga faili. "Hayo ni maneno. Niletee mtu."

Nje ya ofisi alikuwa ameketi Ndanu, mke wa Mbuvi, mtoto mchanga mgongoni na viatu vya mumewe mkononi, kwa sababu ndani ya seli viatu huvuliwa. "Madam," alisema Ndanu, "akishafika Kajiado, nani atamsimamia dhamana? Sisi huku ni watu wa kupanga nyumba. Atakaa rumande mpaka huyu mtoto aanze kutembea."

Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Selpha: leo mpaka kesho asubuhi, gari la korti likiwashwa.

*

Bosko aliwapokea kwa ngurumo iliyotoka chini kabisa ya tumbo. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, kichwa kama sufuria ya ugali wa shule. Alikwisha kurarua suruali ya chifu na kumpandisha mtu wa maziwa juu ya mti wa mkaratusi. Watu aliowakubali duniani walikuwa Nick, Whitney na Mbuvi, basi.

"Mfunge kwanza," Selpha alisema, "halafu wewe Nick twende zizini. Resian, kaa na Whitney jikoni, mzungumze habari za mapishi, usimuulize kitu mpaka nije."

Zizi lilikuwa tupu, samadi imeanza kukauka. Nick alikuwa kijana mrefu wa Kimaasai, shati bado lina mikunjo ya begi la safari, na alitembea akigusa nguzo moja moja.

"Nani alitaka mbwa aende Diani?" Selpha akauliza.

"Whitney."

"Alikuambia kwa mdomo wake?"

"Hakuniambia, lakini nilijua. Yeye bila Bosko hana raha. Nikasema, ni mwaka wetu wa kwanza, wacha nimfurahishe."

"Na wewe ulifurahi?"

Nick alikohoa. "Madam, yule mbwa aliogopa mawimbi. Kila maji yakija anakimbia, anaruka kwangu. Nilimbeba ufuo mzima kama bibi harusi. Watu walikuwa wanapiga picha."

Selpha akamwacha pale, akaenda jikoni. Whitney, binti wa Kakamega mwenye sauti ya kwaya, alikuwa anasukuma chapati kwa hasira kidogo.

"Nani alitaka mbwa aende Diani?"

"Nick, madam. Nani mwingine? Nick bila Bosko ni chai bila majani."

"Alikuambia?"

"Mwanaume atakuambia? Unamsoma tu. Nikasema, kama ni mbwa, mbwa aende, bora mume wangu atabasamu."

"Akatabasamu?"

"Sijui. Bosko alikuwa amelala katikati, sikuwa naona upande wa pili."

Resian aligeuka akaangalia dirishani, mabega yakimtetemeka. Selpha hakucheka. Alifungua mlango, akamwita Nick, akawasimamisha mume na mke pande mbili za meza ya chapati.

"Nick amesema mbwa ni wa Whitney kutaka. Whitney amesema ni wa Nick kutaka. Sasa semeni mbele yangu."

"Mimi?" Whitney akasema. "Mimi nilitaka mbwa? Mimi niliyenunua nguo ya jioni nikaivaa nimeshika kamba ya mbwa?"

"Si ulikuwa unamlilia?"

"Nililia lini?"

"Kwani samaki wa siku ya kwanza ulimpa kwa nini?"

"Sikumpa, alichukua. Nikanyamaza nikijua wewe unaona raha. Nikala ndizi, Nick. Kwa hoteli ya bahari nikala ndizi."

"Na mimi nimelala nusu ya mwili nje ya kitanda siku zote, nikisema huyu ni mtoto wa mke wangu, nitafanya nini."

Walitazamana. Selpha akaingia katikati yao kwa swali moja tu.

"Nick, nani alikuambia Whitney analia?"

"Isaac. Isaac wa agroveti."

Whitney aliweka chini mti wa kusukumia. "Isaac ndiye aliniambia Nick hatalala huko bila Bosko. Nilienda dukani kwake kununua dawa ya kupe. Akaniambia, shemeji, usimtenganishe mtu na mbwa wake. Akanitafutia hoteli ya kukubali mbwa kwa simu yake. Hata dawa ya kumzuia Bosko kutapika njiani alinipa."

"Mimi aliniambia jioni ya kesho yake," Nick akasema polepole. "Akasema nisimwulize Whitney, nitamwaibisha."

"Huyu Isaac na Bosko wanapatana?"

"Wapatane?" Nick akasema. "Isaac akija kuchanja kondoo, lazima Mbuvi amfunge Bosko kwanza. Isaac ndiye humpiga Bosko sindano. Bosko akisikia pikipiki yake akiwa mbali, anaanza."

Selpha alichukua chapati moja iliyokwisha kuiva, akaikunja. Alikuwa na mtu wa pili aliyejua. Ila kujua si kuiba, na OCS angesema hivyo kabla yeye hajakaa.

*

Duka la Isaac lilikuwa Kitengela mjini, karibu na stendi, kati ya kinyozi na muuza magodoro. Alikuwa mtu msafi, koti jeupe la daktari wa mifugo, kalamu mfukoni. Aliwakaribisha kwa viti na soda baridi.

"Sopa, afande Resian. Karibu madam. Ni mambo ya kondoo wa Nick, najua. Imeniuma sana, mimi ndiye nimewatibu tangu wakiwa wadogo."

"Uliwaambia wote wawili wampeleke mbwa Diani," Selpha akasema.

Hakubabaika hata kidogo. "Niliwaambia. Madam, wale watoto wawili wanapendana lakini hawaongei. Nilikuwa naunganisha ndoa. Hiyo iko kwa sheria gani?"

"Hakuna."

"Asante. Basi msipoteze siku kwangu. Watu wenu wako Namanga? Mali kama ile inavuka mpaka, iko Tanzania saa hii. Ama mumwulize vizuri yule Mkamba wa geti, amewapigia nani simu."

"Unamjua mtu mwenye kanta ya buluu, lori dogo la kubeba nyasi?"

"Kanta za buluu ni nyingi kama kupe."

"Mzee Parsimei wa Bissil?"

"Simjui. Sijawahi kumwona."

Selpha alimshukuru kwa soda ambayo hakuinywa. Nje, Resian akasema, "Amejibu kila kitu."

"Amejibu hata tusichomuuliza. Nani alimuuliza habari ya Namanga?"

Habari ya kanta ya buluu walikuwa wameipata njiani kutoka Kisaju, kwa Mugure, mama wa kuuza maziwa kando ya barabara ya Kisaju, ambaye huamka kabla ya ndege. Alfajiri ya Jumapili aliona kanta imekwama kwenye udongo mweusi nyuma ya shamba la Nick, watu wanaisukuma. Udongo ule ukinyeshewa na mvua hushika gurudumu kama mkopo wa jirani mbaya. Watu hakuwatambua, lakini gari alilitambua, maana kiangazi kilichopita lilimletea nyasi za ng'ombe: kanta ya mzee Parsimei. Na kitu kingine alisema Mugure, ambacho Selpha alikiweka pembeni. Kanta ilipotoka matopeni na kufika njia panda ya Isinya, mwanawe aliyekuwa akipeleka maziwa huko aliiona ikikata kulia kuelekea Kiserian. Namanga haiko upande huo.

*

Jumanne asubuhi mzee Parsimei aliletwa kituoni, akaketi kwa utulivu wa mtu aliyekuja kumtembelea mkwe. Shuka jekundu, rungu mapajani. Resian aliinama mbele yake, naye akamgusa kichwani kama mzee anavyomgusa mtoto wa watu.

"Papa, sopa."

"Hepa, mtoto wangu."

Selpha alivuta kiti karibu. Kupitia dirishani alimwona dereva wa gari la korti akipangusa kioo cha mbele.

"Mzee, ulibeba kondoo kutoka Kisaju?"

"Nilibeba. Kubeba si kuiba, mama. Niliitwa na mwenye kondoo mwenyewe."

"Mbona kwa giza, tena kwa nyuma?"

"Mwenyewe alisema jua linawachosha, na kwamba geti la mbele liko na ugomvi wa ndugu. Mambo ya ndugu mimi siingii."

"Huyo mwenyewe anaitwa nani?"

Mzee aliangalia rungu lake. "Huyo simwiti jina."

"Unamficha?"

"Nimesema simwiti jina."

OCS, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga ulimi. "Umesikia, Selpha? Mjanja huyu. Mpandishe gari pamoja na Mbuvi, wataeleza mbele ya hakimu."

"Afande, nipe chai moja tu ya huyu mzee," Selpha akasema. "Akimaliza kikombe bila kitu, nitawapandisha mwenyewe."

Alisubiri OCS aondoke, kisha akamgeukia mzee.

"Huyo mtu ni mkwe wako?"

"Si mkwe."

"Basi alikupa mnyama."

Rungu, lililokuwa likizunguka mkononi mwa mzee Parsimei, likasimama. Resian alimtazama Selpha, akatikisa kichwa kidogo kukubali.

Kwa Wamaasai, mtu akikupa kondoo kwa mkono wake, jina lake hulitumii tena. Unamwita Paker, naye anakuita Paker, barabarani, sokoni, kwenye mazishi, mpaka mmoja wenu aondoke duniani. Ng'ombe ana jina lake, mbuzi lake, kondoo ndiyo Paker. Na mtu mnayeitana hivyo humtoi mbele ya askari, ni kama kumtoa ndugu yako. Aliyemkodi mzee huyu alijua anachofanya. Hakumfunga mdomo kwa vitisho. Alimfunga kwa zawadi.

"Hatutamuuliza tena," Selpha akamwambia Resian kwa sauti ya chini. "Mpe chai, akae pale kwa benchi ya nje, penye jua. Halafu mpigie Isaac simu, mwambie aje kutia sahihi maelezo yake kama shahidi. Mwambie ni dakika moja, asifunge duka."

"Na wakikutana?"

"Nataka wakutane. Akimwitikia, tumejua ni marafiki. Akimkana, tutajua zaidi."

Isaac alikuja na pikipiki, koti jeupe, kalamu mfukoni. Ili ufike mezani kwa Selpha lazima upite mbele ya benchi. Selpha alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Mzee Parsimei alipomwona, aliweka kikombe chini, akasimama, akasema kwa heshima yote:

"Paker."

Isaac alisita. Alimwangalia Selpha, akaangalia gari la korti, kisha akarudisha macho kwa mzee, na uso wake ukawa wa mtu mwenye duka.

"Umenifananisha, mzee. Mimi sikujui."

"Paker," mzee akasema tena, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka.

"Nimesema sikujui. Madam, huyu ni nani? Mbona mnaweka walevi hapa?"

Hata dereva aliacha kupangusa kioo. Mzee Parsimei alikaza shuka begani. Halafu akamwambia kitu kwa Kimaa, kifupi. Resian akatafsiri bila kuombwa: "Amesema, basi kondoo wako umemchukua tena kwa mdomo wako."

Mzee akamgeukia Selpha. "Mama, kaa uandike. Huyu anaitwa Isaac, ako na duka la dawa pale Kitengela. Jumapili asubuhi tukimaliza kushusha, alinishikisha kondoo jike kwa kamba, akasema kuanzia leo sisi ni Paker. Mimi nilifikiri ni mtu. Ningenyamaza mpaka huko Kajiado, wanifunge nikiwa nimenyamaza. Sasa sina wa kunyamazia."

"Huyo kondoo yuko wapi?"

"Bomani kwangu. Mtu hachinji zawadi."

"Masikio yake yamekatwaje?"

"La kushoto limekatwa ncha. La kulia lina pengo mbili kwa chini, karibu-karibu."

Selpha aliinua kidole Resian asiseme neno, akampigia Nick simu, akaiweka sauti ya nje. "Nick, alama ya kondoo zako niambie. Moja baada ya nyingine."

"Kushoto ncha," sauti ya Nick ikasema, na nyuma yake Bosko akibweka. "Kulia, pengo mbili upande wa chini. Babu yangu aliweka karibu kwa sababu ya haraka, tukaiacha hivyo."

Isaac alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea pikipiki, lakini Resian alikuwa ameketi juu yake, mguu huku, mguu huku, funguo mkononi.

"Hata kama nilimpa mzee kondoo," Isaac akasema, "kumpa mtu kondoo si kosa."

"Ulimpa mzee gani?" Selpha akauliza. "Huyu usiyemjua?"

Isaac alinyoosha kola ya koti lake jeupe.

"Wengine wako wapi? Na usiniambie Namanga. Uliniambia Namanga mara moja, imetosha."

"Ewuaso Kedong," mzee akajibu badala yake. "Shamba la shemeji yake. Tulipitia Kiserian. Wote wako hai, mimi mwenyewe niliwashusha, hata dume."

"Dume," Isaac akasema, na sauti ya dukani ikamtoka. "Nilimwomba Nick aniuzie dume mmoja. Mmoja. Mimi niliyemfufua akiwa na homa, nikalala naye zizini. Akacheka, akasema si wa kuuza."

"Ungemwomba tena," Selpha akasema. "Mtu aliyebeba mbwa ufuo mzima kwa kumpenda mkewe, ungempata siku moja."

OCS alitoka nje. Alikuwa amesikia vya kutosha, maana dirisha lake lilikuwa wazi. Alimtazama Isaac, akamtazama mzee, akamtazama Selpha.

"Nilikuambia uniletee mtu," akasema.

"Nimeleta, afande. Amekuja na pikipiki yake."

"Huyu mzee?"

"Shahidi. Ila kwanza tutamfuata bomani tukamtazame yule kondoo, na Resian apige simu Ewuaso wazuie lile shamba kabla shemeji hajasikia."

"Na yule wa ndani?"

"Yule wa ndani hana kesi."

Mbuvi alitolewa. Alikuwa tayari ameingizwa kwenye mstari wa korti, pingu mkono mmoja, na askari aliifungua akaifunga kwa Isaac hapo hapo, chuma bado kina joto la mkono wa kwanza. Isaac akapanda nyuma ya gari. Mbuvi alisimama pekupeku katikati ya uwanja wa kituo, hajui kama aende mbele ama arudi ndani, akiwatazama askari mmoja mmoja kama anayesubiri kuitwa tena.

"Nenda nyumbani," Selpha akamwambia. "Kesi imekwisha kwako."

"Hata kutia sahihi?"

"Hata kutia sahihi. Nenda."

Hakusogea. Gari la korti liliunguruma, likapita kando yake, likatoka getini kuelekea Kajiado, na vumbi likamfunika mpaka magotini. Ndanu ndiye aliyekuja, mtoto mgongoni, akainama, akaweka viatu chini mbele ya miguu yake, kimoja baada ya kingine.

"Vaa," akasema. "Watu wanatuangalia."